PAKA MWENYE HOFU

Somo letu la leo linahusu paka. Huenda utacheka na kusema, "Paka naye asomewe somo?" Wanakisomo wa darasa letu la jioni hapa Mbagala walicheka vilevile. Waliacha kucheka siku ya Jumatatu, mama mmoja alipoingia darasani mkono wake wa kulia umefungwa kipande cha khanga. Hakuweza kushika kalamu.

Mama huyu huuza vitumbua Charambe. Ana paka jike mwenye madoa meupe na meusi, jina lake Kidoti. Usiku wa Jumamosi jirani yake alikuwa na harusi. Spika kubwa ziliwekwa uani, zikaelekezwa kwenye dirisha la mama. Muziki ulipoanza, Kidoti aliruka kutoka jikoni, akajificha chini ya kitanda. Mama akamwonea huruma. Alitaka kumtoa ampakate, kama mtu anavyompakata mtoto anayelia. Basi akaingiza mkono chini ya kitanda, akamshika mguu wa nyuma, akavuta.

Kidoti alimparura kutoka kwenye kiwiko mpaka kiganjani. Kisha alimwuma penye kidole gumba, meno yakazama. Halafu akatoka mbio, akapotelea gizani. Alirudi Jumapili asubuhi, akanywa maji, akalala chini ya meza kama kawaida.

Jirani alimwambia mama, "Paka huyo ana mashetani. Mtie kwenye kiroba, ukamtupe sokoni Rangi Tatu." Mama alikuja darasani kutafuta shauri. Kiroba alikuwa nacho tayari ndani ya kikapu chake.

"Mwalimu," aliniuliza, "mimi nimemlisha tangu hajafumbua macho. Kwa nini aniume mimi?"

Swali hilo lilitushika muda mrefu. Yafuatayo ni yale tuliyozungumza jioni ile, pamoja na yale niliyoyapata baadaye kwa kuuliza wataalamu wa mifugo na kusoma.

KUKIMBIA, KUJIFICHA, KUPIGANA

Paka ni mwindaji mdogo. Yeye huwinda panya, lakini naye huwindwa. Mbwa humkimbiza, chatu humla, na binadamu humrushia mawe. Kwa hiyo mwili wake uko tayari kwa hatari wakati wote. Anaposhtuka, moyo wake hupiga haraka zaidi, misuli hukaza, na mboni za macho hupanuka ili aone kila kitu.

Wakati huo paka hataki ugomvi. Jambo la kwanza analotafuta ni njia ya kukimbia. Akikosa njia, hutafuta mahali pa kujificha. Akikosa mahali pa kujificha, au akishikwa, ndipo hutumia kucha na meno. Yakumbuke mambo hayo matatu kwa mpangilio wake: kukimbia, kujificha, kupigana.

Sasa mtazame tena mama wa vitumbua. Alimkuta Kidoti katika jambo la pili, naye alikuwa salama kwa kadiri ya akili yake. Kitanda kilikuwa ndiyo ngome yake. Mama, kwa huruma tupu, alimvuta kutoka kwenye ngome. Halikubaki jambo jingine ila la tatu.

Tena usisahau masikio. Watoto wa panya wakiwa shimoni hutoa sauti nyembamba mno. Mtu hasikii kitu. Paka huzisikia, na huweza kujua zinatoka upande gani. Kama sikio linaweza kusikia mtoto wa panya, fikiri linasikiaje spika ya harusi iliyo hatua kumi kutoka dirishani.

SIKU YA MABOMU

Mimi naamini watu wa Mbagala wanaweza kuelewa jambo hili kuliko watu wengi. Jumatano tarehe 29 Aprili 2009, kabla ya saa sita mchana, mabomu yalianza kulipuka katika ghala la silaha kwenye kambi ya jeshi, Kizuiani. Watu zaidi ya 20 walikufa, na wengine wengi sana waliumia. Nyumba zilibomoka na nyingine zikapata nyufa. Watu walitoka na walichokuwa nacho mkononi, wakakimbia kwa miguu kufuata Barabara ya Kilwa. Watoto walipotezana na wazazi wao. Usiku wa tarehe 16 Februari 2011 balaa la namna hiyo likawapata ndugu zetu wa Gongo la Mboto.

Katika darasa letu wako watu ambao mpaka leo tairi la lori likipasuka barabarani, hushika kifua.

Mzee mmoja alitusimulia habari zake za siku zile. Aliporudi nyumbani baada ya siku mbili, alikuta bati moja limeng'oka na paka wake hayupo. Siku ya nne alisikia mchakato darini. Watoto wakataka kupanda wamshushe. Mzee akakataa. Aliweka kopo la maji na dagaa wachache karibu na ngazi, akawaambia watoto wakacheze mbali. Yeye mwenyewe akaketi barazani, akitengeneza wavu wa kuku. Hakuita, hakupiga miluzi. Usiku wa siku ya tano paka alishuka, akala, akapanda tena darini. Siku ya saba alishuka akabaki.

Tulimwuliza mzee nani alimfundisha hivyo. Alijibu, "Hakuna. Lakini siku ile ya mabomu mimi mwenyewe nilijibanza chini ya mwembe kule Kongowe. Kama mtu angekuja kunivuta mguu, ningempiga."

Baada ya maneno hayo mama wa vitumbua alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Basi kumbe Kidoti hana mashetani."

Hana. Alikuwa na hofu tu. Kwa paka, harusi na bomu havina tofauti kubwa. Yeye hajui kuwa mmoja ameoa. Anajua kwamba kishindo kimekuja na haoni mwisho wake.

UTAMJUAJE PAKA MWENYE HOFU?

Paka huzungumza kwa mwili. Anza kutazama masikio. Paka mtulivu husimamisha masikio yake yakaelekea mbele. Akianza kuogopa, masikio hugeuka pembeni. Akizidi kuogopa, hulala nyuma yakashikana na kichwa. Ukiyaona masikio yamelala hivyo, rudisha mkono wako.

Macho huwa meusi, kwa sababu mboni imepanuka, hata kama ni mchana. Mwili hujikunja chini. Mkia hujibana mwilini, au manyoya yake husimama mpaka mkia ukawa mnene kama brashi ya chupa. Wengine hufoka kama nyoka au kunguruma. Wengi wanafikiri kufoka ni ubaya. Mimi naona ni uungwana. Paka anayefoka anakuonya kabla ya kuuma. Usimpige kwa kufoka, maana akizoea kupigwa huenda siku nyingine asikuonye.

Iko hofu nyingine isiyo na kelele. Paka huacha kula, hukaa pembeni siku nzima, au huanza kukojoa mahali pasipo pake. Watu husema amekuwa mchafu. Chunguza kwanza nini kimebadilika nyumbani: mgeni, mtoto mchanga, mbwa wa jirani, au chumba kipya. Na kama anahangaika kukojoa bila mkojo kutoka, huo ni ugonjwa, tena wa haraka. Hasa kwa dume, mkojo ukiziba anaweza kufa kwa muda wa siku chache. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

MPE MAHALI, MPE MUDA

Sasa tufanye nini? Anza na wewe mwenyewe. Punguza sauti. Usikimbie, usipige makofi, usikusanye watu waje kutazama. Watoto waondoke kwa upole. Kama kuna mbwa, mfunge nje. Kama kelele iko mikononi mwako, izime. Kama iko kwa jirani, funga dirisha la upande ule, hata kwa kutundika blanketi.

Kisha mpe mahali pa kujificha. Boksi la sabuni lililokwisha kazi linatosha. Lilaze ubavu, tandika ndani yake khanga kuukuu ambayo watu wa nyumbani wameitumia, kwa sababu harufu ya nyumbani humtuliza paka. Liweke pembeni, mahali penye giza kidogo, palipo mbali na mlango. Paka wengine hupenda juu kuliko chini. Kwa hao boksi liwekwe juu ya kabati. Karibu yake weka maji, chakula kidogo, na beseni lenye mchanga wa kujisaidia.

Mambo haya yamepimwa. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht, nchini Uholanzi, walitoa habari za uchunguzi wao juu ya paka wapya waliopokelewa katika nyumba ya kutunzia wanyama. Baadhi ya paka walipewa boksi la kujifichia, na wengine hawakupewa. Waliopewa boksi walitulia mapema zaidi. Boksi hili halina bei. Duka lolote la Mbagala litakupa bure ukinunua kitu kidogo.

Baada ya hapo, ngoja. Hapa ndipo watu wengi hushindwa. Wanataka paka atulie sasa hivi ili wao wenyewe wafurahi. Hofu ndogo huweza kuisha kwa saa moja. Hofu kubwa huchukua siku kadhaa, kama tulivyosikia kwa mzee.

Ukitaka kukaa naye karibu, keti chini, usisimame juu yake kama mti. Mpe ubavu, usimwelekee uso kwa uso. Usimkazie macho, kwa sababu kwa paka kukaziwa macho ni kutishwa. Akikutazama, fumba macho yako polepole, kisha uyafumbue polepole. Unaweza kuona ni mchezo wa watoto. Lakini mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, nchini Uingereza, walionyesha kwamba paka hujibu kwa kufumba macho yao nusu, na kwamba humkaribia zaidi mtu anayefanya hivyo kuliko mtu mwenye uso usiobadilika. Nimejaribu kwa paka wa ofisini kwetu. Mara mbili alinijibu, mara ya tatu alilala usingizi.

Paka akisogea mwenyewe, nyosha kidole kimoja kwa chini. Mwache anuse. Akisugua shavu lake kwako, mkune shavuni na chini ya kidevu. Usimguse tumbo wala mkia. Akigeuza uso au akianza kuchezesha mkia huku na huku, acha. Msikie anapokataa, naye atakuamini siku nyingine.

Neno dogo juu ya kukoroma. Paka hukoroma kwa raha, lakini pia huweza kukoroma akiwa na maumivu au hofu. Kwa hiyo usitazame kukoroma peke yake. Tazama na masikio.

Vipi paka aliyepanda mti? Ondoa mbwa na watu chini ya mti. Weka dagaa kwenye shina. Ngoja mpaka jioni, kelele zikipungua. Usimpige mawe ili ashuke, na usimtume mtoto apande. Mtoto akishikwa na paka mwenye hofu akiwa juu ya tawi, ataanguka.

MAMBO YANAYOUMIZA

Usimmwagie maji. Usimfunge kamba shingoni. Usimshike ngozi ya shingo na kumning'iniza. Mama paka humbeba mtoto wake hivyo, lakini paka mkubwa ni mzito, naye huona maumivu na kuzidi kuogopa. Kumtesa mnyama hata sheria inakataza, ile Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008.

Jambo kubwa zaidi ni dawa. Wapo watu wanaompa paka nusu ya kidonge cha Panadol ili atulie. Ndugu msomaji, Panadol humwua paka. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo kama ini la mtu. Hubaki mwilini ikawa sumu, na damu ikashindwa kubeba hewa. Fizi zake hubadilika rangi, uso huvimba, na huweza kufa. Kidonge kimoja kinatosha kabisa kumwua. Usimpe dawa yoyote ya watu, wala ya usingizi, bila daktari wa mifugo. Vilevile baadhi ya dawa za kupe za mbwa na ng'ombe ni sumu kwa paka, hasa zile zenye pamethrini. Usimwogeshe nazo.

KUMBEBA NA KUHAMA

Sisi wapangaji wa Mbagala tunahama mara nyingi, na paka hupenda mahali pake kuliko tunavyodhani. Siku ya kuhama vyombo vinagongana, watu wageni wanaingia, mlango uko wazi. Paka hutoroka, na wengine hawaonekani tena.

Usimbebe kwenye kiroba, wala kwenye mfuko wa plastiki. Ile mifuko tuliyokuwa tukiita rambo ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini mfuko wowote usiopitisha hewa ni kaburi kwa paka. Kumbuka kwamba paka hatoi jasho mwilini kote kama sisi. Jasho lake liko kwenye nyayo tu. Joto la Dar es Salaam likimkuta amefungwa, huanza kuhema kwa mdomo wazi. Ukiona hivyo, mtoe juani, mpe kivuli na hewa, mlowanishe nyayo kwa maji ya kawaida, na tafuta daktari wa mifugo asipopata nafuu mapema.

Chombo kizuri ni tenga la kuku. Linapitisha hewa, nalo lina nguvu. Liweke ndani ya nyumba wiki moja kabla ya safari. Tandika khanga ndani, weka chakula chake humo, mwache aingie na kutoka apendavyo. Siku ya safari atakuwa amelizoea. Akiingia, funga mlango wake imara, kisha funika tenga kwa khanga nyepesi ili asione magari na watu. Kwenye daladala liweke magotini, si chini ya kiti penye joto la injini.

Mkifika nyumba mpya, mfungie kwanza katika chumba kimoja pamoja na vitu vyake. Baada ya siku chache mwonyeshe vyumba vingine. Usimruhusu kutoka nje kwa muda wa wiki mbili au tatu, la sivyo huweza kurudi alikotoka, akavuka barabara zote zilizo katikati.

Iko siku huwezi kungoja. Nyumba inaungua, au maji ya masika yanaingia ndani. Hapo chukua blanketi au khanga mbili zilizoshikana, mfunike paka wote kwa mara moja, mkunje ndani miguu yote, acha pua wazi, umtie kwenye tenga. Usimshike kwa mkono mtupu. Kama watu bado wako hatarini, okoa watu kwanza. Acha mlango wazi, na mara nyingi paka atajiokoa mwenyewe.

MKONO WA MAMA

Sasa turudi kwenye mkono wa mama wa vitumbua, kwa sababu jioni ile ulitushtua. Nilimwomba afungue khanga. Kiganja kilikuwa kimevimba na chekundu, na kilinuka mafuta ya taa. Ndiyo aliyokuwa ameambiwa apake. Hakuwa ameosha kwa sabuni. Siku mbili zilikuwa zimepita.

Tulisimamisha somo. Wanakisomo wawili walimsindikiza hospitali usiku uleule.

Jino la paka ni jembamba kama sindano. Kidonda chake huonekana kidogo juu, lakini uchafu umepelekwa ndani kabisa. Mkono huweza kuvimba kwa siku moja tu. Tena kuna pepopunda. Na kuna ugonjwa wa kichaa cha mbwa. Jina lisikudanganye. Paka naye huupata, hasa akiumwa na mbwa mgonjwa, naye huweza kumpa mtu kwa kumwuma au kumparura. Mtu akisha kuonyesha dalili za ugonjwa huu, karibu kila mara hufa. Lakini akipata chanjo kabla ya dalili, hupona.

Kwa hiyo paka akikuuma, fanya hivi mara moja. Osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Dakika 15 ni nyingi. Kama huna saa, osha mpaka chungu kidogo cha maji kichemke jikoni. Mwombe mtu akumiminie maji kwa kata. Usipake mafuta ya taa, tumbaku, kahawa wala majani. Usikifunge kwa kubana. Kisha nenda zahanati, kituo cha afya au hospitali siku hiyohiyo, ueleze kwamba umeumwa na paka. Wao watajua kama unahitaji chanjo, na chanjo inapatikana wapi. Hutolewa zaidi ya mara moja, kwa tarehe utakazoandikiwa. Wewe sasa unajua kusoma. Zisome tarehe hizo mwenyewe, usikose hata moja.

Hospitali walimwuliza mama swali moja ambalo hakulitegemea: "Paka yuko wapi?"

Paka au mbwa aliyeuma akifungiwa na kutazamwa kwa siku 10, naye akabaki mzima, hiyo ni dalili kwamba hakuwa na uwezo wa kuambukiza siku ile alipouma. Mtu aliyeumwa hangoji siku hizo ziishe. Huanza chanjo mara moja, lakini habari za paka humsaidia daktari kuamua. Kama mama angemtupa Kidoti sokoni Rangi Tatu, nani angejua habari zake? Tena paka mwenye hofu, mgeni mahali pale, angeuma mtoto wa mtu mwingine.

Kiroba kile mama alikitumia kuwekea mkaa.

Unaweza kuuliza, nitatofautishaje hofu na kichaa? Hofu ina sababu, nayo huondoka sababu ikiondoka. Paka mwenye kichaa huweza kumrukia mtu aliyekaa kimya. Hutokwa na mate mengi, sauti yake hubadilika, huyumbayumba au hushindwa kumeza. Wengine hawana fujo, hujificha tu wakiwa wadhaifu. Ukiwa na wasiwasi usimguse. Mfungie mlango, mwite mtaalamu wa mifugo au toa habari ofisi ya mtaa. Maabara ya mifugo iko hapahapa Temeke, pale tunapoita Veterinari.

Kinga ni rahisi kuliko yote haya. Paka achanjwe akiwa na umri wa miezi mitatu, kisha kila mwaka. Kila tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Siku zikikaribia, uliza ofisi ya mtaa kama kutakuwa na chanjo.

HARUSI YA PILI

Mama alipata sindano ya pepopunda, akaanza chanjo ya kichaa cha mbwa, akapewa na dawa ya kukausha kidonda. Kidoti alikaa chumba cha stoo kwa siku 10, akila dagaa wake vizuri. Siku ya kumi na moja mama alifungua mlango. Paka alitoka, akajinyosha, akaenda jikoni kutafuta panya.

Mwezi uliofuata kulikuwa na harusi nyingine nyumba ileile. Safari hii mama alikwenda kwa jirani mchana, kabla vyombo havijafika. Hakugomba. Alimwonyesha kovu la mkono, akasema, "Dada, harusi ni heri, na mimi nitakuja kuicheza. Naomba tu spika zielekee barabarani." Jirani alikubali. Naye alikiri kwamba mtoto wake mchanga halali muziki ukipiga upande ule.

Jioni mama aliweka boksi chini ya kitanda, akatandika khanga yake ya zamani, akaacha maji karibu. Muziki ulipoanza Kidoti aliingia ndani ya boksi. Mama aliketi sakafuni, mgongo kwenye kitanda, akihesabu fedha za vitumbua. Hakumwita. Alipomaliza kuhesabu alijifunga khanga, akafunga mlango, akaenda harusini.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Paka mwenye hofu hufanya mambo gani matatu, na kwa mpangilio gani? Kidoti alikuwa katika jambo lipi alipovutwa mguu?

2. Je, siku ya mabomu ya mwaka 2009 wewe ulikuwa wapi? Wanyama wa nyumbani kwenu walifanyaje?

3. Kwa nini ni hatari kumtupa paka aliyemwuma mtu?

4. Taja vitu ambavyo watu wa mtaa wako hupaka kwenye kidonda cha kuumwa. Somo linasema kidonda kioshwe kwa nini, na kwa dakika ngapi?

5. Leteni darasani boksi moja na tenga moja. Onyesheni namna ya kuviandaa kwa ajili ya paka.

6. Andika barua fupi kwa jirani yako, ukimwomba kwa heshima ageuze spika za harusi. Isome barua hiyo mbele ya wenzako.